Picha Kumi na Mbili na Daftari la Baba

Nilichagua somo la kupiga picha kwa sababu nilishindwa kuchora ng'ombe. Hiyo ndiyo sababu ya kweli, ingawa kwa miaka miwili niliwaambia watu kwamba nimejaliwa jicho. Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya mji wa Kitale, na mwanafunzi wa Sanaa akifika kidato cha tatu alitakiwa kushika tawi moja la kumaliza nalo: kuchora, kufinyanga au kupiga picha. Siku ya kuamua, mwalimu alituambia tuchore ng'ombe kutoka kichwani. Mimi niliyekamua ng'ombe wa baba tangu darasa la tano nilichora kitu ambacho jirani yangu wa dawati alidhani ni sofa. Mwalimu, mama mpole wa makamo, alikitazama, akakigeuza juu chini, kisha akaniuliza kama nimewahi kufikiria habari ya kamera.

Nyumbani kwetu Tongaren habari hiyo haikupokelewa kwa vigelegele. Baba aliniuliza swali moja tu.

"Yule jamaa wa studio pale Kimilili, yeye alisomea hiyo kazi mpaka kidato gani?"

Nilimweleza kwamba yule anabofya tu, mimi nitasomea mwanga. Baba alitazama nje, kulikokuwa na mwanga wa bure wa kutosha ekari nzima, akasema sawa, bora nisianguke Hesabu.

Muhula mmoja ulitosha kuniharibu. Kamera zilikuwa tatu na sisi tulikuwa tisa, kwa hivyo muda mwingi sikuwa na kamera, lakini hilo halikunizuia kufumba jicho moja popote nilipopita. Niliunda fremu kwa vidole na kuwatazama wenzangu ndani yake kama vile nawanunua. Nilikataa kuingia kwenye picha za pamoja nikidai zimepangwa vibaya. Siku moja kwenye foleni ya chakula nilisimama kumweleza mpishi jinsi mvuke wa sufuria yake unavyolainisha mwanga wa dirishani, nyuma yangu watu arobaini wakiwa na sahani tupu.

"Bana, si usonge!" mmoja akapiga kelele. "Ati mwanga. Sisi tunataka ugali!"

Nilisonga, lakini moyoni niliwasamehe kwa kutonielewa. Nadhani hapo ndipo nilipopaswa kuchapwa.

Kidato cha nne kikaja na kazi ya mradi, ile ambayo alama zake huingia moja kwa moja kwenye mtihani wa mwisho. Mwalimu alitupa mada: watu wa kwetu. Sura kumi na mbili, kila moja ya mtu mmoja, kwa mwanga wa asili. Akaongeza sharti. Kila tutakayempiga picha aandike jina lake na namba yake ya simu kwenye daftari, kisha atie sahihi kuonyesha amekubali.

"Siwezi kumpelekea mtahini uso wa mtu ambaye hajui uso wake unaenda wapi," alisema.

Niliyaandika maneno hayo na kuyapigia mstari. Nina daftari hilo mpaka leo. Mstari umenyooka kabisa.

Tulipewa kamera kwa zamu, na zamu yangu ikaangukia mapumziko mafupi ya mwisho wa Februari. Nilifika nyumbani Ijumaa jioni nikiwa nimeivaa shingoni tangu Kitale, ili wasafiri wenzangu wapate kuiona. Mashamba yalikuwa yamelimwa na kuachwa wazi yakisubiri mvua. Wazazi walikuwa wameondoka asubuhi hiyo kwenda Chwele kwa mambo ya mahari ya dada yangu mkubwa, na wangerudi Jumapili. Nilikuwa peke yangu, na kamera, na kiburi.

Jumamosi alfajiri nikagundua sina daftari la sahihi. La kwangu nilikuwa nimelisahau shuleni. Nikaingia chumba cha mbele ambako baba huweka vitu vyake vya kazi, nikachukua buku lake kubwa jeusi la jalada gumu, lenye mgongo mwekundu. Upande wa mbele lilikuwa limejaa maandishi yake. Nikaligeuza, nikaanzia nyuma ambako kurasa zilikuwa tupu.

Hapa inanibidi nieleze baba yangu ni nani. Ni mzee wa mtaa. Kazi yenyewe haina mshahara. Ina kofia, na simu inayolia wakati wa kula. Kila mwaka kabla ya mvua ndefu, yeye ndiye aliyekuwa akizunguka boma kwa boma kuandikisha wakulima wanaotaka mbolea ya serikali. Mkulima alitoa kitambulisho, baba akaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na ukubwa wa shamba, mkulima akatia sahihi. Baadaye mkulima alipata ujumbe kwenye simu, akaupeleka ghalani, akapewa mifuko yake. Yote hayo yaliandikwa ndani ya lile buku jeusi la mgongo mwekundu. Hakuna mtu mzima kwetu ambaye hakulijua. Na mwaka ule uvumi ulikuwa umeenea kwamba, kwa sababu ya wakulima hewa, serikali itapiga kila mtu picha.

Mimi uvumi sikuwa nimeusikia. Nilikuwa Kitale nasoma mwanga.

Basi nikatoka, mtoto wa mzee wa mtaa, kamera shingoni na buku la mgongo mwekundu kwapani, nikaelekea kwa fundi wa baiskeli. Huyu fundi alikuwa amenikatalia picha mwezi Desemba, akaniambia sura yake si bango. Safari hii aliniona kwa mbali, akaacha gurudumu likizunguka, akaingia ndani na kutoka akiwa na koti. Akasimama wima mlangoni. Kisha akatoa kitambulisho mfukoni, akakishika kifuani kwa mikono miwili.

"Hiyo ya nini?" nikauliza.

"Si ionekane namba," akanijibu, kana kwamba mimi ndiye mshamba.

Mtu mwenye akili timamu angeuliza swali la pili. Mimi nilipata msisimko. Nilimwona mtu wa kwetu, mikono yenye grisi, akiushikilia utambulisho wake kifuani, na nikaamini kwamba amehisi kwa silika kile nilichokuwa nakitafuta mimi msanii. Nikapiga. Akaandika jina, namba ya simu, akaongeza namba ya kitambulisho bila kuombwa, akatia sahihi ndefu yenye mikia. Chini yake akaandika "ekari 2". Hata hilo halikunishtua. Nilidhani anajisifu.

Kwa mama muuza mandazi, ambaye ni jirani wa fundi, nilikuta ameshavaa nguo ya kanisa na watoto wameondolewa mlangoni. Kwa mzee wa nyuki nilikuta kiti kimetolewa nje. Kufikia saa nne sikuwa natafuta watu tena, watu walikuwa wananitafuta. Walipanga foleni kando ya ua wa jirani, kila mmoja na kitambulisho chake, na hakuna aliyetabasamu. Niliwaambia wenyewe kwamba wana hadhi ya ajabu. Waliitikia "asante" kwa adabu na kuuliza kama waje na hati ya shamba pia. Nikacheka, nikidhani ni utani wa foleni.

Nilikuwa nimeshaupa mradi jina kichwani: Mimi Ndimi. Nikajiona nikiuelezea mbele ya watu waliovaa miwani.

Picha ya kumi na mbili nilikuwa nimemtunzia kukhu, kama tunavyowaita nyanya zetu. Hakuwa nyanya yangu wa damu. Alikuwa mjane wa jirani yetu wa chini, karibu na kijito, mwenye ekari moja na goti bovu lililomzuia kwenda mbali. Nilipokuwa mdogo, mama akichelewa sokoni, kukhu ndiye aliyenipa mahindi ya kuchoma na kunifukuza nyumbani giza likikaribia. Niliteremka kwake saa kumi na moja jioni, kwa sababu nilijua jua la saa hiyo huingia mlangoni kwake moja kwa moja.

Alikuwa ameshasikia. Alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani na ameketi kizingitini, kitambulisho mapajani. Mwanga ulimpiga ubavuni mwa uso, ukaonyesha kila mkunjo. Sijawahi kuuona tena mwanga wa namna ile, na nimeutafuta. Nilipiga goti, nikapima, nikarudi nyuma hatua moja. Akakiinua kitambulisho mpaka kifuani.

"Na mwaka huu," akauliza, "hiyo mborea watatupatia mifuko ngapi?"

Ndipo nilipoelewa. Yote yaliingia kwa pamoja: koti la fundi, ekari mbili, hati ya shamba, buku kwapani. Nililitazama buku la baba pale chini kwenye nyasi, mgongo wake mwekundu ukiwa juu.

Ningeweza kusema pale pale. Maneno yenyewe hayakuwa mengi: kukhu, hii ni ya shule. Lakini nilijua nikisema hivyo atacheka au atakasirika, na ataweka kitambulisho chini, na ule uso utaondoka. Jua nalo lilikuwa linaguswa na miti. Pengine lilikuwa na dakika nne.

"Bado hawajasema, kukhu," nikamjibu.

Alitikisa kichwa kukubali, akatazama moja kwa moja ndani ya lenzi, akangoja. Nikabofya.

Hakujua kuandika. Nilimpaka wino wa kalamu kwenye dole gumba, akaligandamiza kwenye ukurasa wa baba kwa makini sana, kisha akanipa ndizi tatu za kupeleka shuleni. Nilizila njiani. Nazitaja kwa sababu zilikuwa tamu.

Jumapili baba aliporudi, buku lilikuwa mahali pake, ukurasa wa sahihi nikiwa nimeupiga picha ya kumwonyesha mwalimu, na mimi nilikuwa nimeshapanda gari la Kitale. Nilijiambia kwamba baba atapita kuandikisha watu kama kawaida, na makosa yatajirekebisha yenyewe bila mimi kuhusishwa. Mpango huo ulikuwa mzuri, ila mwaka ule utaratibu ulibadilika. Uandikishaji ulifanyiwa ofisini kwa chifu kwa siku mbili tu, na baba alipewa kazi ya kutangaza. Alipiga simu, akatangaza kanisani. Watu wangu kumi na mmoja walishangaa kuandikishwa mara mbili, wakanung'unika kidogo kuhusu serikali, wakaenda. Kukhu alisema yeye alishaandikwa na kijana wa mzee, na picha akapigwa, na dole akatia. Goti lilikuwa linamsumbua. Akabaki nyumbani kungojea ujumbe.

Nilikuja kuyajua haya likizo ya Aprili. Baba alikuwa amenisubiri na buku mezani, limefunguliwa upande wa nyuma. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Uliwaambia ni ya nini?"

"Hawakuuliza, baba."

"Hakuna hata mmoja?"

Baba akaweka kidole chini kabisa ya ukurasa, pale kwenye dole la kukhu.

"Huyu kila siku anasimamisha watu njiani wamsomee simu. Ujumbe wote ni wa kampuni ya simu, ati anunue bando. Mimi nilidhani amepelekwa kwa chifu na majirani. Siku nimejua, kitabu cha chifu kilikuwa kimefungwa." Akavua kofia. "Watu wanasema nimeandikisha mtu kwa uongo. Lakini sitamwambia. Utamwambia wewe."

Nilisema nitamwambia kesho. Na nilimaanisha, kila jioni nilimaanisha. Kwetu kuna njia mbili za kwenda barabarani: moja inapita kwa kukhu, nyingine inazunguka uwanja wa shule ya msingi, inavuka kijito mara mbili na kupita katikati ya mikaratusi yenye siafu. Nikawa mpenzi mkubwa wa mikaratusi. Nilimwambia mama napenda kivuli. Nilirudi Kitale na alama za siafu miguuni, na likizo ya Agosti nikarudia vile vile, nikiona kwa mbali mahindi ya kukhu yalivyokuwa mafupi na ya manjano katikati ya mahindi ya watu. Alikuwa amepanda kwa samadi ya mbuzi wake wawili, na alikuwa amechelewa kwa sababu ya kungoja.

Mwalimu wangu aliipenda picha ile kupita zote. Aliibandika ubaoni, akawaita hata walimu wa Fizikia waje waione.

"Angalia macho," aliwaambia. "Huyu mama anatarajia kitu. Ulimfanyaje mpaka akatazama hivi?"

"Ni subira tu, mwalimu," nikasema, na nikainamisha kichwa kama watu wanyenyekevu wanavyofanya.

Matokeo yalitoka Januari. Hesabu nilipata alama ambayo baba aliisoma mara mbili akitafuta kosa la uchapaji. Sanaa nilipata A. Mama alipika kuku. Wakati wa kula, baba alinipongeza, akachukua paja, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama nimeshashuka kule chini.

Nilikwenda Bungoma mjini kuichapisha picha kubwa na kuitia fremu. Nilijidanganya kwamba mtu akija na zawadi mkononi, anachokisema hupungua uzito. Mwenye studio, mzee wa Kiislamu mwenye duka dogo karibu na msikiti, aliiinua picha ilipotoka kwenye mashine, akamwona kukhu ameshika namba yake kifuani.

"Huyu nyanya anatafutwa?" akaniuliza. "Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Basi mbona mmempiga picha ya polisi?"

Nikatoa pesa. Akanifungia fremu kwenye gazeti.

Nilipita njia ya kukhu kwa mara ya kwanza baada ya karibu mwaka mzima. Nilimkuta nje, miguu imenyooshwa, karai mbele yake, anapukuchua mahindi. Alifurahi kuniona hata nikaona aibu ya kusimama. Aliniuliza habari za Kitale, akasema nimekuwa mrefu, akauliza mbona siku hizi sipiti. Nikasema masomo. Kisha nikafungua gazeti na kumpa picha.

Aliifuta kwa leso ingawa ilikuwa safi. Akajitazama kwa muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye kile kitambulisho kidogo kilichoko kwenye picha, kana kwamba anahakikisha namba imetokea. Kisha akainua uso, na yalikuwa macho yale yale yaliyobandikwa ubaoni.

"Imechelewa," alisema. "Lakini si neno, itasaidia ya mwaka huu. Sasa hii nipeleke wapi? Kwa chifu ama ghalani?"

Nikaketi chini kwenye mavumbi. Nikamwambia yote, kuanzia buku mpaka mtahini. Sikusema vizuri, nilirudi nyuma, nikajitetea, nikamtaja mwalimu, nikataja hata mwanga. Aliendelea kushika fremu.

"Kwa hivyo ile siku ulikuwa unajua?"

"Mwanzo sikujua, kukhu. Nilijua uliponiuliza mifuko."

"Na ukaniambia nini?"

Alijua nilimwambia nini. Alitaka nikiseme mimi.

"Nikasema bado hawajasema."

Alitikisa kichwa kama alivyotikisa siku ile. Kuku alikuja akadonoa punje karaini, naye hakumfukuza.

"Na wewe kule kwenu, hiyo picha walikupatia nini?"

"Walinipa A, kukhu."

"Hiyo ndiyo ya juu?"

"Ndiyo ya juu."

"Basi," akasema, "mmoja wetu alipata."

Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Nililia, kijana mzima wa miaka kumi na minane, mbele ya kuku. Alinyanyuka taratibu akishikilia ukuta, akaipeleka fremu ndani. Nikasikia akisogeza kitu hiki na kile apate mahali pa kuiegemeza. Akatoka na sufuria ya chai, akaibandika jikoni, akanisukumia karai.

"Wacha kulia. Nisaidie hii."

Nilianza kupukuchua. Mahindi yalikuwa madogo, mengine hayakujaa hata nusu ya gunzi, na punje zake zilitoka kwa urahisi. Nilitazama pembeni nikitafuta magunia mengine ya mavuno yake, nikakuta hakuna gunia, ni lile rundo lililokuwa mbele yetu tu. Tulimaliza kabla chai haijachemka.